Mwamvita na jongoo wa kuanikwa siku saba

Saa tatu na robo asubuhi, jua limeshavuka mapaa ya Tabata Kimanga na limeanza kuuma. Nyuma ya nyumba ya vyumba vitatu iliyopakwa chokaa ya kijani, mwanamke wa miaka arobaini na saba ameketi kwenye kigoda, fimbo ya mpera mkononi, macho hayabanduki kwenye sinia la bati lililowekwa juu ya pipa la maji.

Ukiingia ghafla utadhani anaanika uono, wale dagaa wa pwani. Lakini sinia ni tupu, isipokuwa katikati pana kipande cha sponji, na juu ya sponji kimechomekwa kitu cha kijivu, kirefu kama kidole, chenye miguu ishirini upande huu na ishirini upande ule. Watoto wa mtaa wamekipa jina la jongoo, na mwenye mali naye kazoea kukiita hivyo hivyo.

Mgongoni mwa jongoo huyo pamebandikwa karatasi ndogo iliyogeuka manjano kwa umri. Imeandikwa kwa wino wa bluu, kwa mwandiko wa mtu mwenye haraka: USIBANDUE. Chini yake ipo herufi moja tu, R.

Bi Mwamvita Twaha anatakiwa kuibandua karatasi hiyo leo. Alitakiwa kuibandua juzi. Jana pia alikaa hapa hapa na fimbo yake mpaka adhana ya alasiri, kisha akaliingiza sinia ndani kama lilivyotoka.

"Jua halijakaa vizuri," anasema bila kumtazama mgeni wake, mwandishi wa makala hii. "Ngoja lipande kidogo."

Jua limepanda tangu saa moja. Hilo analijua yeye, analijua mwandishi, na hata kuku wanalijua, maana wameshajibanza kivulini.

Bi Mwamvita ni fundi wa kusuka mota. Mota ya pampu ikiungua, au ya mashine ya kusaga, au ya kiyoyozi cha ofisi ya mkubwa fulani, huletwa kwake. Huitoa shaba iliyoungua, akahesabu mizunguko yake, akaisuka upya waya kwa waya mpaka ingurume tena. Mota ya nguvu ya farasi tatu humchukua siku mbili na humpatia shilingi elfu kumi na mbili, shaba ikiwa juu ya mteja. Tangu mgao wa umeme urudi kazi haikauki, kwa sababu umeme ukirejea kwa pupa ndipo mota nyingi zinapokufa.

Lakini kilichomo kwenye sinia leo si cha mteja. Ni cha mwanawe.

Jongoo ni maikrokontrola, yaani kompyuta nzima iliyobanwa ndani ya kipande kimoja. Chini ya ile karatasi pana kidirisha kinachong'aa, kidogo kuliko ukucha. Ndani ya kidirisha ndimo yalimoandikwa maagizo ya kuendeshea mota moja ya ajabu, na aliyeyaandika ni Raudha, binti pekee wa Bi Mwamvita, mwaka 1993, wiki chache kabla hajapanda ndege kwenda Uswidi.

Karatasi inazuia mwanga usiingie. Ikibanduliwa na jongoo akalala juani siku saba, maagizo yote yatafutika na atakuwa mtupu, tayari kuandikwa upya. Nakala hakuna. Haipo kwenye daftari, haipo kwenye kompyuta ya mtu yeyote, haipo hata kichwani mwa Raudha mwenyewe.

Kwa hiyo mambo ni mawili. Akibandua, anafuta kitu pekee cha mwanawe kinachotembea ndani ya nyumba ile. Asipobandua, mota waliyoitengeneza pamoja itabaki pambo la barazani, kwa sababu tangu Oktoba iliyopita ameapa kwamba haitawashwa tena kwenye kazi ya mtu.

Mwamvita ni mzaliwa wa Kunduchi, Mzaramo wa baba na mama, elimu yake darasa la saba. Mwaka 1974 aliajiriwa kiwanda kimoja cha nguo kufagia pamba sakafuni. Siku moja fundi wa karakana ya umeme alimkuta akitenganisha nyuzi zilizogongana, akazitazama pingili za vidole vyake zinavyokwenda, akamwomba kwa msimamizi wake. Hakurudi tena kwenye ufagio. Alisuka mota za kiwanda kile miaka kumi na saba.

Kisha yakaja mageuzi. Milango ikafunguliwa, mitumba ikaingia, viwanda vikaanza kuhesabu watu. Mwaka 1991 orodha ya waliopunguzwa kazini ilibandikwa getini, na jina lake lilikuwa la nne. Hata leo anakumbuka nani alikuwa wa tatu na nani wa tano. Alirudi nyumbani na mafao kidogo, pamoja na mashine ya mkono ya kusukia ambayo kiwanda hakikuwa na haja nayo tena.

Baba yake Raudha, Mzee Shomari, alikuwa ameshafariki tangu binti yuko darasa la sita. Raudha wakati huo anasoma uhandisi chuo kikuu, Mlimani. Alimkuta mama yake amekaa barazani, mikono mapajani, na hakuwa amezoea kuiona mikono ile ikiwa imelala.

"Akaniambia, Mama, nimepewa kazi ya kutengeneza mota isiyokuwa na waya ndani. Nikamwambia mota isiyokuwa na waya ndani si mota, hilo ni sufuria," anasimulia, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka.

Si sufuria. Wahandisi huiita mota ya riluktansi, na ukiielewa mara moja huwezi kuisahau. Mota ya kawaida ina shaba nje na shaba au sumaku ndani. Hii ndani yake mna chuma kitupu chenye meno manne. Nje kuna meno sita, kila moja limevishwa waya. Ukitia umeme kwenye meno mawili ya nje yanayotazamana, yanayavuta ya ndani yaliyo karibu. Kabla hayajakutana uso kwa uso, unakata umeme na kuupeleka kwa yanayofuata. Chuma kinageuka kuyafuata, nayo unayakatia, unaita mengine.

"Haifikagi," anasema Bi Mwamvita. "Ikikaribia tu, inaitwa kwingine. Ndiyo inavyozunguka."

Kukata na kuita huko hakufanywi kwa mkono. Mota ikikolea, hutokea mara mia tatu kwa sekunde. Ukichelewa kukata, jino hurudishwa nyuma na mota hutetemeka kama mtu mwenye homa. Hiyo ndiyo kazi ya jongoo. Anatazama kwa kijicho kimoja kilichong'olewa kwenye mashine mbovu ya kutoa nakala, anapata habari ya meno ya ndani yamefika wapi, na anaamua nani avute na nani aache.

Vitu vingine vyote vilitoka mikononi mwao. Walikata mabati membamba kutoka kwenye transfoma mbovu, vipande mia mbili na kumi, wakavichonga kimoja kimoja kwa tupa mpaka kila kimoja kikapata meno yake manne. Mama anachonga, binti anapima. Barazani palijaa vumbi la chuma kiasi kwamba Idi moja wageni walilikuta kwenye pilau na wakala hivyo hivyo kwa heshima.

Waya wa meno ya nje aliusuka Mwamvita peke yake. Raudha alijaribu siku moja, akafungua, akamwachia mwenyewe. Usiku na mchana walizungumza, mara nyingi juu ya mota, na ndani ya mota wakazungumza mengine yote ambayo mama na binti huwa wanayaogopa. Mwamvita hafichi kitu hapo. Anasema katika maisha yake yote hajawahi kuwa na raha kama ile miaka miwili, tena akiwa hana kazi.

Jongoo walikuwa wawili, zawadi ya mhadhiri mgeni aliyekuwa akimaliza mkataba wake. Mmoja aliungua siku ya kwanza. Aliyebaki Raudha alimbandika karatasi, akaandika USIBANDUE, na akamfundisha adabu: kabla ya kupeleka umeme kwenye meno, jongoo lazima apepese taa ndogo nyekundu mara tatu, ili anayewasha ajue yu hai.

Raudha aliita kule kupepesa hodi. Mtu mwenye adabu hubisha hodi tatu kabla ya kuingia, na jongoo naye hivyo hivyo. Mwamvita akazoea kuijibu. Taa ikipepesa mara ya tatu husema, "Karibu," ndipo mota inaondoka.

Kasoro ilikuwa moja. Kijicho ni kimoja, na kijicho kimoja kinaona meno yakiwa yanatembea, hakiyaoni yakiwa yamelala. Mota ikisimama, jongoo hajui imesimamia wapi, hivyo hajui amwite nani kwanza. Dawa ya Raudha ilikuwa nyepesi: ukishaona hodi tatu, izungushe kidogo kwa mkono, nayo itashika. Wakaita hilo kuipa mkono. Mlimani walimpa alama za juu, mkono haukuhesabiwa kuwa kosa.

Na kuna kosa jingine, dogo, la mtoto mwenye bidii. Siku za mwisho Raudha aliogopa wenzake wasije wakamwibia kazi. Kipande cha aina ile kinaweza kufungwa, maagizo yakawa yanatekelezwa ila hayasomeki na mashine yoyote. Raudha akayafunga. Akapanda ndege akiwa na daftari moja, ambalo baadaye lilipotea katika kuhama vyumba vya wanafunzi.

Barua zilikuja kila mwezi mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili zikawa za sikukuu. Alipopata kazi huko huko, zikawa hundi iliyokunjwa ndani ya karatasi yenye mistari miwili mitatu. Mwamvita hamlaumu, na anamkatiza yeyote anayetaka kumlaumu. Mtoto hajamsahau, anasema, kila Idi hela inafika.

"Hela inafika vizuri," anarudia. "Ni maneno tu ambayo siku hizi hayafiki. Nilikuwaga najua hata akila nini. Sasa hivi sijui hata baridi ya huko anaivalia nini."

Ndani ya hali hiyo ndipo mota ile ilipopata thamani nyingine. Kila Ijumaa baada ya swala aliichomeka, akangoja hodi tatu, akajibu, akaipa mkono. Ilinguruma barazani dakika kumi, bila kusaga wala kuvuta kitu. Majirani walimwacha na mambo yake.

Aliyesababisha itolewe barazani ni Adelina, mwenyeji wa Masasi, mama wa miaka thelathini na mitano mwenye mashine ya kukunia nazi sokoni Tabata. Mota yake iliungua mara tatu kwa mwaka mmoja. Mara ya tatu Mwamvita aliona haya kumlipisha tena kwa kazi ile ile, akamwambia amwazime ile ya barazani ajaribu. Waya wa jino moja ukiungua, alimweleza, mengine yanaendelea, na hilo moja atalisuka kwa nusu saa.

Ilifanya kazi wiki tano. Wateja waliipenda hodi. Kina mama walipanga foleni na nazi zao wakihesabu moja, mbili, tatu. Adelina alikuwa anaipa mkono kama alivyoelekezwa, kwa kuzungusha gurudumu la mkanda.

Asubuhi moja ya Oktoba mota ilishika mapema kuliko alivyotegemea. Mkanda ulimvuta kidole cha shahada mpaka kwenye gurudumu, na mfupa ukavunjika sehemu mbili.

Mwamvita alikwenda naye hospitali, akakaa naye siku nzima, akamkunia nazi kwa mbuzi ya mkono wiki nne sokoni pale mpaka mwenyewe aliporudi. Mota aliirudisha barazani, akaifunika kanga. Hata Ijumaa hakuiwasha.

Na dawa ya kasoro ile ya kuipa mkono alikuwa anaijua. Kabla ya hapo, tangu Desemba 1995, alikuwa mwanafunzi. Mwalimu wake anaitwa Fransis, fundi sanifu wa maabara katika chuo kimoja cha ufundi mjini, ambaye alileta pampu ya chuo isukwe, akaona mota barazani, akasahau pampu. Walikubaliana: yeye atasuka mota za Fransis bila malipo, na Fransis atamfundisha kila Jumamosi kuandika maagizo ya jongoo.

Fransis anakiri kwamba alikubali kwa adabu tu, akijua mama atachoka kwenye namba. Kompyuta ile haihesabu kwa makumi, inahesabu kwa kumi na sita, na vijana wake wa chuo hutoka jasho mwezi mzima. Alipomaliza kueleza, Mwamvita alinyoosha mkono wake wa kulia, akapitisha kidole gumba pingili kwa pingili, kama anavyohesabu tasbihi baada ya swala na kama anavyohesabu mizunguko ya waya. Kila kidole pingili tatu, na gumba nalo, kwa ncha ya kidole cha shahada, tatu ukihesabu kiungo cha shinani: vidole vitano, kumi na tano. Kisha akafumba ngumi.

"Akaniambia, Mwalimu, kumbe ni mkono mmoja," anasema Fransis. "Ukijaa, unafumba, unabeba moja. Tangu siku hiyo nawafundisha vijana hivyo hivyo, na sijawaambia nimeitoa wapi."

Dawa yenyewe aliipata jikoni, akikoroga ugali. Ikiwa jongoo hajui meno yamelala wapi, basi ayalaze yeye. Baada ya hodi, avute kidogo kwa jozi ya kwanza ya meno ya nje, halafu avute kwa ya pili na kushikilia. Popote chuma kilipokuwa kimesimama, kitaamkia mahali panapojulikana. Kutoka hapo hesabu inaanza bila mkono wa mtu. Fransis alitafuta kosa wiki mbili, hakuliona.

Kuandika dawa hiyo kunataka jongoo mtupu. Maduka ya mjini hayana wa kununua, na wa kuagiza kutoka nje ana bei ya miezi yake miwili ya kazi na huweza kuchukua mwaka kufika, akipatikana. Anayepatikana ni huyu mmoja, na huyu ana mwandiko wa Raudha.

Novemba alimwandikia mwanawe barua ya kurasa nne, akaeleza yote, kidole cha Adelina, Jumamosi za Fransis, mkono wa kumi na sita. Aliomba mambo mawili: kama yapo maagizo ya zamani mahali popote ayatume, na kama hayapo, basi aseme la kufanya.

Jibu lilikuja mwezi huu na hundi ya Idi. Bi Mwamvita amelitoa kwenye mkoba wake wa ukili, amelisoma kwa sauti, amelirudisha. Lilikuwa fupi: "Mama, futa tu. Ile ilikuwa kazi ya shule, hata sikumbuki niliandika nini. Nimeongeza kidogo kwenye hundi, nunua mota mpya ya dukani upumzike. Nakupenda."

Kurasa nne zote, hakuna alichouliza. Hakuuliza hata kidole cha Adelina kimeponaje.

"Mie nilitaka akatae," anasema Bi Mwamvita. "Angesema tu, Mama, usiifute. Ningempa Adelina hiyo hela ya hundi, nikaiacha mota ikae."

Taa maalumu ya kufutia ya maabara ya chuo iliungua siku nyingi, ndiyo maana wanategemea jua. Walianza kwa kujaribu na kipande kingine kibovu cha Fransis. Mwamvita, kwa kuwaogopa kuku wa jirani, alikifunika kwa bilauri. Siku tisa jua kali, na maandishi yakabaki vile vile. Fransis alikaribia kuamini jua la Tabata lina hitilafu, mpaka alipokumbuka kwamba kioo cha bilauri huizuia ile sehemu ya mwanga inayofuta. Kidirisha cha jongoo si kioo cha kawaida, chenyewe huipitisha.

Kwa hiyo jongoo lazima alale wazi, na lazima pawe na mtu. Ndiyo fimbo ile. Mtu anayefuta kazi ya mwanawe inambidi pia akae siku saba kuilinda isiharibiwe na kuku.

Saa tano kasoro robo, anaomba udhuru akaweke chai jikoni na anamkabidhi mwandishi fimbo. Dakika mbili hazijapita jogoo mwekundu anaruka juu ya pipa. Mwandishi, ambaye amesomea kazi yake vizuri na ana kitambulisho, anapiga kelele za aibu. Bi Mwamvita anatoka mbio na mwiko, anamfukuza jogoo na kulikumbatia sinia kifuani.

Hapo ndipo Adelina anapoingia kwa mlango wa uani, kibakuli cha tui mkononi. Kidole chake cha shahada kimepona lakini hakikunji tena. Anabisha hodi, anaamkia, "Shikamoo Mama Raudha," anajibiwa marahaba mwanangu, na kwa macho anatambua kwamba karatasi bado iko mahali pake.

Alikuja kusema jambo, na analisema akiwa amesimama. Amefikiri, anasema, na ameona mota ile ibaki kama ilivyo. Atatafuta nyingine polepole, na nazi hata kwa mbuzi ya mkono zinakunika. "Mie kidole nimeshakizoea, mama. Usije ukafuta sauti ya mtoto kwa ajili yangu."

Mtu mwingine angeipokea ruhusa hiyo kwa mikono miwili, na uso wa Bi Mwamvita unaonyesha wazi kwamba anaitamani. Kisha anashika mkono wa Adelina, anakigusa kile kidole kigumu kutoka pingili hadi pingili.

"Hiki kilikuwa kinahesabu tatu," anasema taratibu. "Siku hizi hakihesabu kitu. Hapana, mwanangu. Ila kwanza niisikie."

Anamchukua jongoo, anaingia naye barazani, anaivua mota kanga. Anamchomeka kwenye kikalio chake, miguu arobaini, kwa uangalifu wa kumvisha mtoto shanga. Anawasha.

Taa nyekundu inapepesa. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

"Karibu," anasema Bi Mwamvita.

Anaipa mkono, mkono wake mwenyewe, na mota inashika. Mlio wake si wa mota nyingine, una ukali kidogo juu, kama nyuki ndani ya debe. Baraza linatetemeka. Adelina ameegemea mlango. Bi Mwamvita ameweka kiganja juu ya chuma kinachopata joto na machozi yanamtoka bila kujifuta wala kujificha. Anaongea na mwanawe kwa sauti ya chini, maneno ambayo mwandishi hakuyasikia yote na aliyoyasikia hatayaandika.

Dakika kumi za kila Ijumaa zinapita. Zinapita ishirini. Kila anapopeleka mkono kwenye swichi anaurudisha. Arobaini.

Ratiba ya mgao inasema leo Tabata inakatiwa saa sita. Inapofika saa sita na dakika nne redio ya jirani inakatika katikati ya neno, friji ya duka inanyamaza, na mota inaanza kupungua. Inapungua polepole, ule ukali unashuka, mpaka unaweza kuyahesabu meno yakipita moja moja. Kisha inasimama, na imesimamia wapi hakuna anayejua.

"Sikuizima mie," anasema Bi Mwamvita.

Anamchomoa jongoo, anatoka naye uani. Jua liko utosini. Anamweka kwenye sponji, analowesha ncha ya kanga kwa maji ya pipa, anaipangusa karatasi mpaka gundi inalegea, na kwa kucha anaibandua nzima, haikuchanika hata kona. Kidirisha kinamemeta. Karatasi anaibandika ndani ya jalada la daftari lake kubwa, analipuliza likauke.

Ukurasa wa kwanza wa daftari hilo una maagizo yake, namba kwa namba, kwa penseli, mengine yamefutwa na kuandikwa tena mpaka karatasi imekonda. Hajawahi kuyajaribu kwenye mota. Fransis anasema yatafanya kazi, lakini Fransis pia alikuwa na imani na bilauri. Yasipofanya kazi, hakuna pa kurudi.

Mistari ya juu kabisa, kabla ya kuvuta ya kwanza na kabla ya kuvuta ya pili, imezungushiwa duara. Ni hodi. Alikaa usiku nne na saa ya mkononi kukumbuka Raudha aliipa pumzi kiasi gani kati ya pepeso na pepeso, na ameiandika vile vile.

"Mengine nimeandika kwa akili yangu," anasema. "Hodi nimeiacha ya kwake."

Mipango yake ni hii. Jumamosi ya kwanza baada ya siku saba kutimia, jongoo atakwenda kwa Fransis kuandikwa. Wiki inayofuata mota itafungwa sokoni kwa Adelina, mkanda ukiwa ndani ya boksi la bati. Hela ya hundi ya Idi hakununulia mota ya dukani, ameituma Nairobi kwa mtu wa Fransis amtafutie jongoo wa pili, hata akichukua mwaka kufika, kwa sababu wenye mashine za nazi sokoni ni saba na wote wanaulizia.

Kuna jingine, na analisema akiwa ameshakaa tena kwenye kigoda, fimbo magotini, akiligeuza sinia kidogo lifuate jua. Nyuma ya barua ile pana mstari mmoja ambao hakuusoma kwa sauti, Raudha ameandika kwamba huenda Desemba akapata likizo. Ameandika huenda.

"Akija nitampeleka sokoni, nimwambie aiwashe yeye. Sitamweleza kitu. Atapigiwa hodi yake mwenyewe, ataijua. Halafu atanyoosha mkono aizungushe, na mota itakuwa imeshaondoka." Anamtisha kuku kwa fimbo bila kumtazama. "Hapo atageuka aniulize, Mama, nani kaandika hii? Mie nangoja hapo tu, mwanangu. Aniulize kitu."